Ngege wa Naivasha ana vinundu kwenye mapezi: ni saratani? Analiwa?

"Daktari, naishi Umoja hapa Nairobi. Wiki tatu zilizopita tulienda Naivasha na familia, tukanunua ngege (tilapia) wanane kwa wavuvi pale ufuoni Kamere, wabichi kabisa. Tulipofika nyumbani tukaona wawili wana vinundu vyeupe vyenye rangi ya kijivu kwenye mapezi na mkia, vimerundikana kama koliflawa. Mke wangu alikataa kuwapika. Shemeji yangu akampika mmoja akamla, na mpaka leo hana neno. Wa pili yuko kwenye friza. Jirani anasema hiyo ni saratani iletwayo na dawa za mashamba ya maua. Kinachonikosesha usingizi ni kijana wangu wa miaka tisa. Alikuwa akinisaidia kupara magamba akachomwa kidole na mwiba wa pezi. Kidonda kilifunga, lakini sasa pana uvimbe mdogo mwekundu unaoelekea kuwa zambarau. Je, ameambukizwa ugonjwa wa yule samaki? Tena nina kidimbwi kipya Ruai, na mvuvi mmoja ameahidi kuniletea vifaranga kutoka ziwani kwa bei nzuri. Niwachukue?"

Ndugu yangu, nianze na kidole cha kijana, maana hicho ndicho kisichongoja. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na kabla daktari hajakuuliza lolote mwambie: "Alichomwa na mwiba wa samaki wa ziwani wiki tatu zilizopita." Sentensi hiyo moja yaweza kumwokolea mtoto miezi ya kuhangaika. Bila hiyo, uvimbe kama huo huonekana kama jipu la kawaida, mtoto hupewa dawa za siku tano, unanywea kidogo, kisha unarudi.

Vile vinundu vya samaki havimhusu kijana wako, na nitaeleza kwa nini. Lakini mwiba wa pezi ni sindano chafu. Hupitisha ndani ya nyama bakteria wanaoishi majini na kwenye ute wa samaki, na mmoja wao, Mycobacterium marinum, ni jamaa wa karibu wa bakteria ya kifua kikuu. Huyu hupenda ubaridi kuliko joto la ndani ya mwili. Hustawi kwenye nyuzi 30 hadi 32, ndiyo maana hukaa vidoleni, mikononi na kwenye viwiko. Hujitokeza polepole, mara nyingi wiki mbili hadi nne baada ya mchomo, wakati ambapo watu wameshausahau. Huanza kama ulivyoeleza: uvimbe mdogo mwekundu au wa zambarau, usiouma sana. Ukiachwa unaweza kuwa kidonda, na wakati mwingine vinundu vingine huupanda mkono kwa mstari. Dawa zake zipo na watu hupona, ila matibabu huchukua miezi, na huenda daktari akahitaji kukata kipande kidogo cha ngozi kipimwe.

Sisemi kwamba ndicho alichonacho. Kidole hakipimwi kwa maandishi, na bakteria wengine wa samaki huleta uvimbe pia. Msiutumbue, na msipake krimu ya kupunguza muwasho mliyonunua wenyewe dukani. Muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Na ukiona wekundu unapanda mkono, au mtoto ana homa, au kidole hakikunjiki, usingoje kesho. Nenda usiku huo huo.

Sasa turudi kwa ngege. Vinundu ulivyoeleza, vya kijivu au vyeupe, vilivyorundikana kama koliflawa kwenye mapezi na mkia wa samaki ambaye vinginevyo ni mzima, vina sura ya ugonjwa wa virusi uitwao limfosistisi. Wanasayansi waliuandika tangu karne ya 19 huko Ulaya. Kwenye maziwa yetu ya Afrika Mashariki umeelezwa tangu miaka ya 1970, kwa jamii ya ngege na kwa wale samaki wadogo waitwao fulu. Kwa hiyo si kitu kilichoingia juzi, wala hamkuwa na bahati mbaya ya ajabu siku ile.

Jirani yako amekosea, ila kosa lake naliheshimu kwa sababu kwa macho matupu vinafanana kabisa na saratani. Tofauti iko ndani ya seli. Saratani ni seli zinazogawanyika bila breki: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka zinajaza mahali. Kirusi cha limfosistisi hufanya kinyume. Huingia kwenye seli za chini ya ngozi zinazofuma nyuzi za kuishikilia, kisha huizuia seli isigawanyike tena. Seli ile haizai, lakini haiachi kukua. Inavimba na kuvimba, inajijengea ganda nene, na ndani yake virusi vinazaliana kwa wingi. Ujazo wake waweza kuongezeka mara 50,000 hadi 100,000. Hebu fikiria punje ya mtama inavimba mpaka inatoshana na tikiti dogo. Ndiyo maana limfosistisi ni moja ya magonjwa machache sana ambapo mtu anaona seli moja kwa macho yake: kila chembe kwenye ile koliflawa ni seli moja iliyojaa virusi.

Nikiletewa samaki wa namna hii, hukata kipande cha pezi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nikakibana kati ya vioo viwili na tone la maji, nikakitazama kwenye hadubini kwa ukuzaji wa chini kabisa. Kama ni limfosistisi, unaona vipira vya mviringo vimesongamana kama mayai ya chura, kila kimoja kikiwa na ukingo mnene, angavu, kama shanga ya kioo. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hukubali kwamba ameona kitu. Nimewaonyesha wavuvi picha hiyo, na mara zote swali linalofuata ni lile lile: "Kumbe hivi ni seli?"

Vinundu hukua kwa wiki kadhaa maji yakiwa na joto, kwa miezi yakiwa baridi. Kisha seli zinapasuka, virusi vinamwagika majini, ngozi inajifunga, na mara nyingi samaki anabaki bila hata alama. Wengi hawafi. Anayepata shida ni yule ambaye vinundu vimemziba mdomo akashindwa kula, au vimejaa kwenye mashavu akakosa pumzi, au ambaye kidonda kilichopasuka kimeingiwa na bakteria na ukungu.

Kwa nini mapezi? Ngozi ya samaki si kama yetu. Sisi tumefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, kavu, gumu, na kirusi kikianguka hapo hakina pa kushika. Samaki hana tabaka hilo. Seli zake za nje kabisa ziko hai, zinagusana na maji, na kinga yake kubwa ni ule ute unaotuteleza mkononi. Ute ukifutika, mlango uko wazi. Hufutika samaki akikwaruzwa na wavu, akinyonywa na chawa wa majini, au madume yakipigania viota msimu wa kuzaa, na ngege ni mgomvi kweli kweli kwenye kiota chake. Mapezi na mkia ndivyo vinavyochubuka kwanza, na virusi huingilia hapo.

Hapa ndipo pana chembe ya ukweli katika maneno ya jirani. Maji machafu, yenye oksijeni kidogo, na msongamano, humdhoofisha samaki na kuharibu ute wake, na hapo ugonjwa hupata nafasi. Lakini dawa ya maua haiumbi kinundu cha limfosistisi. Kirusi ndicho kinachokiumba. Na nikuambie upande wa pili pia: samaki asiye na kinundu hata kimoja hajathibitishwa kuwa hana kemikali. Ukitaka kujua habari za kemikali, nyama hupimwa maabara. Ngozi haikuambii.

Usidhani pia kila uvimbe au doa ni limfosistisi. Naivasha ina samaki mwingine siku hizi, kapi, yule mnene mwenye ndevu fupi mdomoni, aliyeanza kuonekana ziwani humo karibu na mwaka 2001. Yeye na kambare hawashikwi na limfosistisi. Ukiona kapi ana mabaka laini, meupe, kama nta ya mshumaa iliyomdondokea, hapo mtu hufikiria ugonjwa mwingine, tetekuwanga ya kapi, inayotokana na kirusi cha jamii ya herpesi. Ugonjwa huo ni wa maji baridi: Ulaya hutokea wakati wa baridi na kufifia maji yakipita nyuzi 20 au zaidi. Dume la kapi msimu wa kuzaa nalo huota vipele vidogo vigumu kichwani na kwenye mapezi ya mbele, na hivyo si ugonjwa hata kidogo. Punje nyeupe kama chumvi mwili mzima ni vimelea. Vidoa vyeusi na vifuko vya manjano chini ya ngozi mara nyingi ni minyoo. Manyoya kama pamba ni ukungu. Vidonda vyekundu vilivyochimbika mpaka kwenye nyama ni jambo zito zaidi; kwenye mto Zambezi na Chobe, kuanzia 2006 na 2007, watu waliona samaki wengi wenye vidonda hivyo, na kisababishi kilikuwa kiumbe cha majini kinachofanana na ukungu, si kirusi.

Haki inanidai niseme pia kwamba wapo samaki wa maji yasiyo na chumvi ambao virusi huwaletea uvimbe wa saratani ya kweli. Marekani, katika ziwa Oneida jimboni New York, kuna samaki aitwaye walleye ambaye kirusi humwotesha uvimbe ngozini. Huonekana kuanzia majira ya kupukutika majani, kisha unaanguka wenyewe majira ya kuchipua, samaki wanapokwenda kuzaa. Hata huo haujulikani kumshika binadamu.

Nieleze basi kwa nini shemeji yako hana neno. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli na kuitumikisha, na ili kiingie lazima kwanza kishike kitu fulani kwenye ukuta wa seli hiyo. Virusi hivi vimezoea mishiko iliyo kwenye seli za samaki. Kwenye seli zetu havina pa kujishikiza. Zaidi ya hapo vimezoea kuzaana katika joto la maji ya ziwa, na mwili wetu uko kwenye nyuzi 37. Wavuvi wamewashika samaki hawa kwa mikono mitupu miaka yote hii, na hakuna mtu anayejulikana kuwahi kuambukizwa limfosistisi.

Kwa hiyo analiwa? Ndiyo, kama alivuliwa akiwa hai na mchangamfu, macho yameng'aa, mashavu ni mekundu, nyama inarudi ukiibonyeza, na vinundu viko kwenye mapezi na ngozi tu. Kata mapezi, chuna ngozi palipo na vinundu, mpike aive mpaka ndani. Mke wako hakukosea kumkataa. Hakuna anayelazimika kula kinachomtia kinyaa, na mimi mwenyewe nisingemwekea mgeni samaki wa hivyo mezani. Lakini hakuwa sumu. Samaki wa kukataa kabisa ni aliyeokotwa akielea, mwenye vidonda vilivyochimbika, mwenye tumbo lililojaa maji, au anayenuka. Hapa Nairobi samaki aliyeharibika kwa kukaa bila barafu njiani amewalaza watu wengi kitandani, na wala hakuwa na kinundu.

Sasa kidimbwi cha Ruai, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usichukue vifaranga wa ziwani. Hata kwa bei ya bure.

Limfosistisi yenyewe isingekuua kibiashara, ingawa ngege wenye koliflawa hawauziki. Ninachokiogopa ni kile kisichoonekana. Mwaka 2009 ngege walianza kufa kwa wingi kule Israeli, na hata katika ziwa Galilaya, lile la Petro na nyavu zake, samaki hao walipungua. Mwaka 2014 watafiti walikitambua kisababishi, kirusi ambacho sasa kinaitwa virusi vya tilapia vya ziwani, kwa kifupi TiLV. Samaki huwa mweusi, ngozi inachubuka, macho yanapata ukungu, na kwenye baadhi ya vidimbwi hufa hadi 90 kati ya 100. Dawa hakuna. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa kwamba chembe za urithi za kirusi hicho zimepatikana kwa ngege wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania, na samaki hao hawakuwa na dalili yoyote. Mwishoni mwa mwaka huo huo, kirusi cha aina nyingine kilifyeka ngege kwenye vizimba vya Ziwa Volta, Ghana. Unaelewa sasa kwa nini neno "wanaonekana wazima" halinitoshi?

Ziwani samaki ametawanyika, anakimbia, maji ni mengi. Kidimbwini wamebanana, kila mmoja anaoga maji ya mwenzake. Kirusi kilichokuwa kimetulia ziwani kinaamkia hapo. Na kuhamisha samaki ndiyo njia kuu ambayo magonjwa haya yametembea duniani. Tazama Naivasha yenyewe: karibu kila samaki unayemvua humo asili yake ni kwingine. Besi mweusi alitoka Marekani, aina mbalimbali za ngege zililetwa miaka ya 1950, kamba wa Louisiana mwaka 1970. Kila ndoo iliyomwagwa ilibeba na wasioonekana.

Nunua vifaranga kwenye kituo cha kuzalishia kinachotambuliwa. Kile cha serikali pale Sagana kimefanya kazi hiyo tangu enzi za ukoloni, na afisa wa uvuvi wa kaunti atakuelekeza kwenye vingine vilivyosajiliwa. Hata hao wa kituoni waweke peke yao kwenye tangi kwa wiki tatu au nne kabla ya kuwachanganya na wengine. Wavu wa kidimbwi chako usiuazime kwa jirani. Ukiuazima, uoshe na uuanike juani mpaka ukauke kabisa.

Na siku utakapoona kinundu kidimbwini, tafadhali usimwage antibayotiki za kuku majini. Nimeona hilo mara nyingi mno, mtu kafungua pakiti nzima kwa nia njema. Antibayotiki haigusi kirusi. Inawafunza bakteria kuishi nayo, na siku mtoto wako atakapoihitaji kwa kidole kama hiki, huenda isifanye kazi. Chumvi kwa kipimo sahihi husaidia ute na kupunguza baadhi ya vimelea, ila haiui virusi. Usivibandue vinundu pia, kwa kuwa kila kimoja kinachopasuka kinamwaga virusi majini. Watoe wenye vinundu, punguza msongamano, ongeza hewa kwenye maji, acha kuwashika ovyo, kisha wape muda. Wakianza kufa, au ukiona macho yenye ukungu na vidonda, funga mfereji wa kutolea maji na umwite mtaalamu aje kidimbwini. Hapo picha ya simu haitoshi.

Yule wa friza usimtupe bado. Kugandishwa kumeharibu umbo la seli, kwa hiyo hadubini haitaona vizuri zile shanga nilizokueleza, lakini kipimo cha chembe za urithi bado kinawezekana. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, andika juu yake tarehe na mahali alipovuliwa, kisha upige simu kwanza kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, uulize siku na ada, ndipo umpeleke akiwa kwenye barafu. Ukimpata mwingine mbichi ni bora zaidi: kata pezi lenye vinundu, uliweke kwenye barafu bila kuligandisha, lifike maabara siku hiyo hiyo. Vaa glavu nzito unapomkata, na safari hii kijana akae pembeni.